Kabla hujamleta paka nyumbani, sikiliza kifua cha mtoto

Leo tunaacha kidogo mahindi na kuku, tuzungumze juu ya mnyama ambaye yupo karibu kila kijiji lakini hakuna anayemwandika kwenye daftari la mifugo: paka.

Chanzo cha mazungumzo haya ni mama mmoja anayeuza mchele na mahindi gulioni. Siku ya gulio nilikuwa napita mezani kwake, nikamwamkia, akaitikia, kisha akanivuta pembeni. Panya wanamaliza magunia yake. Binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam amempigia simu kwamba amepata mtu anayeuza watoto wa paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na uso bapa, na muuzaji amemhakikishia kuwa paka hao "hawana aleji". Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya mama asite, kwa sababu anaishi na mjukuu mwenye pumu, na chumba anacholala mtoto kimepakana na stoo.

"Mwanangu bibi shamba," akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Nimlete au nisimlete?"

Nilivuta kigoda nikakaa. Jibu nilikuwa nalo, lakini sikulipata chuoni. Kwenye stashahada tulisoma ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Paka tulimpitia haraka haraka. Jibu langu nililipata nyumbani kwangu, kwa gharama ambayo sikutaka na yeye ailipe. Nikamsimulia. Leo nakusimulia na wewe.

Paka wetu aliyeitwa Chui

Mwaka ule tulivuna vizuri. Mwezi wa sita magunia yalijaa chumba cha nyuma hadi karibu na dirisha, na panya nao wakajua. Usiku tulikuwa tunawasikia wakikimbizana darini. Mama mkwe wangu akatuletea mtoto wa paka, dume, mwenye mistari. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka sita, akampa jina la Chui.

Chui alifanya kazi yake. Kabla ya mwezi wa nane kwisha alikuwa anatuletea panya mlangoni, anaweka hapo kama anayedai mshahara. Mchana alilala, na mahali alipopenda kulala ni juu ya mto wa mwanangu. Mimi niliona ni jambo la kupendeza. Niliwapiga hata picha.

Mwanangu alikuwa na kifua tangu udogoni, lakini kilikuwa kimetulia. Mwezi wa saba akaanza kukohoa usiku. Nikasema ni vumbi la mahindi. Macho yakawa mekundu, anayafikicha asubuhi. Nikasema ni moshi wa kuni. Mikono ikamtoka vipele. Nikasema ni mbu. Kila dalili niliipatia maelezo, na kila maelezo yalikuwa na akili yake, maana vumbi lilikuwepo, moshi ulikuwepo, na mbu walikuwepo.

Usiku mmoja wa mwezi wa nane akashindwa kupumua. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi na ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta hewa. Tukampakia kwenye bodaboda, baba yake mbele yake, mimi nyuma, tukaenda kituo cha afya. Walimpa dawa ya kuvuta, akapata nafuu kabla ya alfajiri. Tabibu akaniuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: "Kuna mnyama ndani ya nyumba?"

Nikajibu, "Hakuna."

Sikudanganya kwa makusudi. Akilini mwangu mnyama alikuwa mbuzi na mbwa, na hao wako nje. Chui sikumhesabu kabisa. Mimi ninayezunguka vijijini kuhesabu mifugo ya watu nilishindwa kumhesabu anayelala kwenye mto wa mwanangu.

Tulirudi na dawa. Baada ya wiki mbili hivi tukarudi tena kituoni, usiku, hali ileile. Safari hii tabibu alimuuliza mtoto mwenyewe. "Nyumbani unacheza na nani?" Mtoto akataja ndugu zake, kisha akasema, "Na Chui. Analala na mimi." Tabibu akaniangalia. Nikainamisha kichwa.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja siku ya pili yake. Nilipokuwa natandua kitanda, dada yake akaniambia kwamba mdogo wake huwa anakohoa akiwa amejifunika blanketi hadi kichwani, anaziba mdomo kwa mto, ili tusimsikie. Alikuwa ameshaona kwamba kikohozi kinazidi anapokuwa na Chui. Aliogopa tukijua, tutamtoa paka. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita alikuwa anaficha ugonjwa wake ili asimpoteze rafiki yake, na mimi mama yake nilikuwa nalala chumba cha pili nikidhani dawa imeanza kufanya kazi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye neno langu lote la leo. Uamuzi wa kuleta paka kwenye nyumba yenye mtu wa pumu au aleji hufanywa na mtu mzima, na hufanywa kabla paka hajavuka kizingiti. Akishaingia, mtoto atampenda, na akishampenda hatakuambia ukweli wa kifua chake.

Aleji ya paka inatoka wapi

Watu wengi wanadhani ni manyoya. Ndiyo maana wauzaji wa mjini wanazungumzia manyoya: huyu ana manyoya mafupi, huyu hapukutishi, huyu hana manyoya kabisa. Lakini manyoya ni gari tu la kubebea mzigo. Mzigo wenyewe ni protini inayotoka kwenye mate ya paka na kwenye tezi za mafuta za ngozi yake.

Mwangalie paka anavyojisafisha. Anajilamba mwili mzima mara nyingi kwa siku. Mate yakikauka juu ya manyoya na mba, yanageuka chembechembe ndogo sana. Hizo huruka hewani na hukaa humo saa nyingi, hunata kwenye nguo, mapazia, magodoro na mito. Mtu anaweza kuzibeba kwa shati kutoka nyumba yenye paka hadi darasani ambako hakuna paka. Mwenye aleji akizivuta, mwili wake unapigana nazo kana kwamba ni adui: pua inachuruzika, macho yanawasha, ngozi inatoka vipele, na kwa mwenye pumu njia za hewa zinabana.

Jambo jingine: mara nyingi aleji haiji siku ya kwanza. Mwili unaweza kukaa na paka wiki au miezi kabla haujaanza kumkataa. Kwa hiyo usiseme, "Mbona mtoto alimbeba siku nzima na hakupiga chafya?" Siku moja haitoshi kuwa ushahidi.

Paka wa mbegu na maneno ya "hana aleji"

Sasa turudi kwa yule Mwajemi wa Dar es Salaam. Paka wa mbegu ni paka ambaye wazazi wake wanajulikana na wameandikwa kwa vizazi kadhaa, kama vile sisi tunavyofuatilia ng'ombe wa maziwa kwa kadi ya baba na mama yake. Wapo Waajemi wa manyoya marefu, wapo wa Siam wenye manyoya mafupi na masikio meusi, wapo wale wasio na manyoya, wanaoitwa Sphynx, waliotokea Kanada, na wapo wa Siberia kule Urusi ambao wauzaji wengi husema hawaleti aleji.

Hata Afrika Mashariki tunaye paka wa mbegu. Anaitwa Sokoke, kwa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke ulioko Kilifi, pwani ya Kenya. Wagiriama walimjua zamani kwa jina la kadzonzo. Rangi yake ina mabaka kama gome la mti. Mwaka 1978 mkazi mmoja wa huko, Jeni Slater, aliwachukua watoto wa paka hao akawalea, na miaka ya 1980 wengine wakapelekwa Denmark wakazalishwa hadi wakatambuliwa kama mbegu kamili. Kwa hiyo paka anayefanana na shume wa jirani anaweza kuwa na kadi na jina huko Ulaya.

Lakini hao wote, wenye manyoya marefu, mafupi, au wasio na manyoya, wana mate na wana ngozi. Hakuna mbegu ya paka isiyotoa kabisa ile protini. Wapo paka mmojammoja wanaotoa kidogo kuliko wenzao, na tofauti hiyo hupatikana ndani ya mbegu ileile, hata ndani ya uzao mmoja. Ukimtazama kwa macho hutaijua. Anayekuuzia paka kwa maneno ya "huyu hana aleji" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na Mwajemi ana shida zake nyingine. Manyoya yake yanataka kuchanwa kila siku, la sivyo yanajifunga mafundo. Uso wake bapa unamfanya apumue kwa taabu, hasa kwenye joto, na macho yake hutoa machozi yanayotaka kufutwa. Ni paka wa kukaa sebuleni. Ukimtupa kwenye stoo ya mpunga umemtesa yeye, na panya hawatakuwa na habari naye.

Kama kuna mwenye aleji, anzia hapa

Nimegawa nyumba katika makundi matatu. Jiangalie uko wapi.

*Kundi la kwanza: kuna mwenye pumu inayompeleka hospitali, au mtu ambaye amewahi kubanwa kifua akiwa karibu na paka.* Usilete paka ndani. Usijaribu hata kidogo "kumzoesha" mtoto. Shughulika na panya kwa njia nyingine, nitazieleza chini.

*Kundi la pili: kuna mtu anayepiga chafya au kuwashwa macho, lakini kifua chake ni kizima.* Nenda kwanza kwa tabibu, mweleze nia yako. Akikubali, msipeleke paka nyumbani, mpelekeni mtu kwenye nyumba yenye paka. Akae humo saa moja au mbili, arudi siku nyingine, na nyingine, kwa wiki kadhaa. Angalia macho, pua, ngozi, na hasa usiku wake. Ikitokea kifua kubana, mmepata jibu.

*Kundi la tatu: nyumba haina mwenye aleji.* Endelea kusoma, kuna mambo ya kuchagua na kutunza yatakayokufaa.

Na kwa makundi yote, muulize tabibu swali la tatu ambalo mimi sikuliuliza: je, ni paka kweli? Mkojo na mba za panya nazo huchochea pumu. Mende, ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, vumbi la godoro na moshi wa jiko pia. Paka anaweza kusingiziwa, kama vile vumbi la mahindi lilivyosingiziwa kwangu.

Kumchagua mtoto wa paka

1. *Mwone mama yake.* Kadi ya ukoo kwa mkulima ni mama wa paka. Anakamata panya? Mtoto hujifunza kuwinda kwa kumtazama mama yake. Ukimchukua kutoka kwa mama mvivu usitarajie mengi.

2. *Umri usipungue wiki nane.* Ukisubiri hadi wiki ya kumi au kumi na mbili ni bora zaidi. Anayeachishwa mapema huwa dhaifu, mwoga, na anauma.

3. *Mkague.* Macho maangavu yasiyo na tongotongo, pua safi, masikio yasiyo na uchafu mweusi, chini ya mkia pakavu. Tumbo lililovimba kama ngoma kwa mtoto aliyekonda mbavu mara nyingi ni minyoo. Pangua manyoya, uangalie viroboto.

4. *Jike, au dume atakayehasiwa.* Dume asiyehasiwa hutoa ile protini ya aleji kwa wingi zaidi kuliko jike au dume aliyehasiwa. Tena huzurura, hupigana, na hukojoa kila kona kuweka alama.

5. *Mchangamfu bila kuwa mkali.* Mpapase. Anayejikunja kwa hofu na kutoa kucha kila ukimgusa atawasumbua watoto.

Kumtunza

*Mahali pake.* Chumba cha kulala ni mwiko, hata kwa nyumba ya kundi la pili ambayo tabibu ameiruhusu. Mlango ufungwe mchana na usiku. Mtengenezee boksi lenye gunia safi kwenye stoo au barazani, na gunia hilo lifuliwe kila wiki. Asiye na aleji ndiye amfute paka kwa kitambaa chenye maji. Kumfuta au kumwogesha kunapunguza chembe, lakini zinarudi baada ya siku chache, kwa hiyo usilitegemee hilo peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu unazirusha tu hewani. Mtoto akimgusa paka, anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika uso.

*Chakula.* Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi. Mchanganyie dagaa, vichwa vya samaki vilivyopikwa, au utumbo wa kuku uliochemshwa. Mdogo ale mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Maji safi ndiyo kinywaji chake. Na usimnyime chakula ukidhani njaa itamfanya awinde. Paka aliyeshiba bado huwinda. Mwenye njaa huhama au huiba.

*Chanjo na dawa.* Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya kuchanja mbwa kijijini, mbebe na paka kwenye kikapu chenye kifuniko. Akikung'ata paka usiyemjua, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya minyoo umpe kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo na kwa uzito wake.

*Kumhasi.* Kuanzia miezi minne hadi sita, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi. Tafadhali, wembe wa nyumbani hapana.

*Sumu tatu za kuogopa.* Ya kwanza ni panadoli: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Ya pili ni dawa ya kuogesha ng'ombe au ya kupaka mbwa yenye permethrini. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, atatetemeka na kufa. Nimewaona wafugaji wakimpangusia paka masalia ya dawa ya kupe kwa nia njema ya kuondoa viroboto. Ya tatu ni sumu ya panya. Ukiwa na paka, acha sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu anakuwa mlo wa paka.

*Kinyesi.* Kwenye kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mimba. Mama mjamzito asikiguse. Mwingine akitoe kila siku, akifukie, anawe mikono. Na nafaka ifunikwe. Paka akizoea kujisaidia kwenye rundo la mpunga, mmepoteza zaidi ya alichokula panya.

Panya bila paka

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Ni kweli kama nyumba yenyewe imewafungulia milango. Hizi ndizo njia tulizotumia sisi baada ya Chui kuondoka:

- Magunia yapande juu ya chanja, na yaache nafasi ya nusu mita kutoka ukutani, ili uweze kupita na kuona kinyesi cha panya mapema.
- Kihenge cha nje kiwe na miguu yenye urefu usiopungua mita moja, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli lililopinduliwa. Hakikisha hakuna tawi la mti au fito linalowapa daraja.
- Tundu linalopitisha kalamu linapitisha panya mdogo. Ziba kwa stiliwaya ya kusugulia masufuria, kisha saruji juu yake.
- Mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu, lakini panya anaitoboa. Kama unaweza, weka nafaka kwenye pipa la plastiki au la bati lenye kifuniko.
- Mitego iwekwe kando ya ukuta, maana panya hupita pembeni. Weka mingi kwa usiku mmoja badala ya mmoja kwa mwezi mzima.
- Fyeka majani kuzunguka nyumba, na msiache mabaki ya ugali usiku.
- Majirani wafanye siku moja. Ukiwafukuza peke yako, wanahamia kwa jirani na kurudi baada ya wiki.

Mwisho wa Chui, na jibu la mama

Tulimtoa Chui siku ya Jumamosi. Nilikaa na mwanangu nikamwambia ukweli wote: kwamba Chui hana kosa, na yeye hana kosa, na mwenye kosa ni mimi niliyemleta bila kuuliza. Akalia. Nikamwacha alie. Kisha nikamwomba aniahidi kwamba hatakohoa tena chini ya blanketi.

Tulifua mapazia na mashuka kwa maji ya moto, godoro tukalianika juani siku kadhaa, mto tukautupa, kuta tukazifuta. Nilitegemea kifua kitatulia wiki ileile. Hakikutulia. Zile chembe hubaki ndani ya nyumba miezi baada ya paka kuondoka. Wiki ya tatu baba yake akaanza kusema tumemwonea paka wa watu. Lakini tuliendelea kufuta na kufua, na mtoto aliendelea na dawa zake kama tabibu alivyoelekeza. Ilipofika mwezi wa tatu usiku ukawa kimya. Bado ana pumu, na pampu yake haiko mbali naye, lakini hatujapanda tena bodaboda usiku.

Chui hakwenda mbali. Jirani yetu mzee ana stoo upande wa pili wa barabara, anaishi peke yake na kifua chake ni kizima. Panya walikuwa wanamsumbua. Sasa Chui analala juu ya magunia yake, amehasiwa, amechanjwa. Mwanangu huenda hadi uzioni, anamwita, wanatazamana. Hambebi. Akirudi ananawa.

Basi yule mama wa gulioni nilimjibu hivi: "Mama, usimlete. Mjukuu wako yuko kundi la kwanza." Hakufurahi. Alisema binti yake ameshatoa ahadi kwa muuzaji. Nikamwambia ahadi ya muuzaji inavunjika kwa simu moja, ila kifua cha mtoto kikibana usiku wa manane simu haisaidii. Alinyamaza kidogo, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anapanga visado juu ya meza. Kisha akaniuliza bati la miguu ya kihenge linakatwa kwa kipimo gani.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na mkasi wa bati. Tumeshavisha miguu minne, na magunia yako juu ya chanja. Panya hawajaisha wote, nisikudanganye. Lakini wamepungua, na mtoto analala.

Na wewe ndugu yangu, kama leo jioni kuna mtu anakuletea mtoto wa paka kwenye kikapu, mpokee mgeni wako, mpe maji, lakini kikapu kibaki nje kwanza. Waite watoto wako mmojammoja, sikiliza vifua vyao, uulize nani hukohoa usiku. Ukishajua, ndipo ufungue kikapu au ukirudishe.